Mama Aliyekuja Kutafuta Machozi

Jambo lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini ni hili: mtaalamu wa macho ana haki gani ya kumwambia mgonjwa kwamba tatizo lake haliko machoni?

Nilianza kazi katika kliniki ya macho mjini Dodoma nikiwa nimetoka chuoni moja kwa moja. Siku ya kwanza Daktari Mfawidhi aliitikia shikamoo yangu, akanikabidhi kurunzi. "Binti, hapa kwanza tunageuza kope, ndipo tunauliza maneno." Huku kwetu kuna vumbi na kuna trakoma, ugonjwa unaokunja kope kwa ndani hadi nywele zake zinakwaruza jicho. Nilijifunza kugeuza kope mgonjwa asishtuke. Nilipelekwa kijijini Zuzu, nikapelekwa bwawani Mtera kwa wavuvi, na kila niliporudi mkono ulikuwa mwepesi zaidi. Hilo najivunia. Kichwa ndicho kilichokuwa kizito: nikishamwambia mgonjwa yuko salama, nilirudia maneno yake yote njiani, nikitafuta nilichokosa.

Ndipo akaja Mama Saumu, muuza vitenge wa mtaa wa Makole, ameletwa na wifi yake.

"Daktari, macho yake yamekauka," wifi alisema kabla hawajaketi. "Tumemzika mama yake mzazi, hakutoa hata chozi. Mtu huyu! Zamani kuku akichinjwa, yeye analia kabla ya kuku."

Mama Saumu hakucheka. "Watu wanasema nina roho ngumu. Nipe dawa ya kulia, mwanangu. Arobaini inakaribia."

Tuna kipimo cha machozi: kipande cha karatasi kinachokunjwa ncha na kuning'inizwa kwenye ukope wa chini. Chake kililowa vizuri. Machozi yalikuwepo.

Nikamuuliza habari za usingizi. Alikuwa akiamka kabla ya adhana na usingizi haurudi. Chakula? "Nakula kwa sababu kimepakuliwa." Dukani, mteja akisifia kitenge, aliona kama anasifiwa mtu mwingine. Na hali hiyo ilianza mama yake akiwa bado mzima.

Nilimweleza Daktari Mfawidhi. "Macho mazima?" aliuliza. "Mazima." "Basi umemaliza. Ukianza kupima na mioyo, foleni hii utaimaliza lini?" Alikuwa akitania, lakini foleni kweli ilifika mlangoni. Nikamwomba Mama Saumu arudi kesho yake.

Chuoni tulifundishwa kwamba sonona, ule unyonge wa moyo unaodumu hadi kuwa ugonjwa, huwaliza wengine bila sababu, na wengine huwafunga hata kilio. Lakini nilikuwa naiona kwa sababu ipo, au kwa sababu mimi huona tatizo kila mahali? Na mfanyabiashara wa Makole akionekana kwenye benchi la afya ya akili, nani atawanyamazisha majirani? Kisha nikafikiria upande wa pili. Ningempa matone, angeyatia, asingelia, na angeamini kabisa kwamba ana roho ngumu.

Aliporudi na wifi yake nilimwambia, "Mama, machozi unayo. Nadhani ni sonona. Inatibika, na wanaoijua kuliko mimi wako jengo la pili, la afya ya akili."

"Sonona si ya wale wanaolialia ovyo?" wifi aliuliza.

"Wapo. Na wapo ambao hata kilio kinawakataa."

Nikamuuliza Mama Saumu kama huwa anafikiria kufa. Alitazama mikono yake. "Kujiua, hapana. Ila huwa naona nisingeamka ingekuwa nafuu."

Wifi akachukua mkoba wa mwenzake, akautia begani mwake. "Twende. Atakayesema, aje anisemeshe mimi."

Nilimwomba Daktari Mfawidhi ruhusa ya kutoka. Aliitazama foleni, akanitazama mimi, akavuta kiti changu na kukikalia. "Nenda naye. Nitakushikia hapa."

Tukavuka uwanja watu watatu, Mama Saumu katikati, nikaketi naye kwenye benchi lile mbele ya wote waliokuwa wakipita, mpaka alipoitwa jina lake.