Chanjo Iliyopata Joto, na Mpishi Niliyemsingizia

Mimi ndiye niliyekosa. Sianzi na salamu kwa sababu sina uso wa kumsalimia mtu. Watoto watatu wa mbwa walikufa wakihara damu kwa uzembe wangu, na mwanamke mtu mzima akafukuzwa kazi kwa kosa langu, nami nimesimama pale pale na koti langu jeupe, nimeficha ukweli. Nikikumbuka nilivyosimama, nasikia kichefuchefu. Si mfano. Natapika kweli.

Nisikilize tu. Usinihurumie.

Nina miaka arobaini na sita. Wazazi wangu ni Wanyarwanda, lakini mimi nilizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi fupi ya mifugo, nikaanza kazi ya kuogesha ng'ombe kwenye josho. Ningetulia pale leo ningekuwa mtu. Lakini miguu yangu haijui kutulia! Nimekaa Mwanza, nimekaa Kampala, nikaenda Bujumbura, nikarudi Kampala. Kila mji nilipoharibu jambo, nilifunga begi nikahama. Halafu nikifika mji mpya, naanza kuulilia ule wa zamani.

Mwisho nikafika Kigali, nikakuta watu wanafuga mbwa wa kulala sebuleni, na paka wenye mito yao. Na wenye pikipiki hawataki kumbeba mbwa kwenda kliniki. Basi nikawa naenda mimi na pikipiki yangu, nyumba kwa nyumba, na boksi langu la chanjo begani. Wakaniita dokta. Mimi si daktari, sijasoma udaktari. Sikumsahihisha hata mmoja.

Nimeona mengi katika nyumba hizo. Mzee mmoja alinitaka nivue viatu na ninawe mikono mara mbili kabla ya kumgusa paka wake. Nilipotoka, mlinzi wa mzee huyo huyo akaniuliza kwa sauti ya chini kama sina dawa ya kikohozi inayobaki, kwa maana amekohoa mwezi mzima na hakuna aliyemuuliza. Mama mwingine alimlisha mbwa maandazi na soda mpaka mnyama akashindwa kupanda ngazi, halafu akanigombeza mimi kwamba sindano yangu imemnenepesha! Nilikuwa narudi nyumbani nikiwacheka, nikiwaona watu hovyo. Nilijiona bora kuliko wote. Mimi!

Sasa sikia.

Kulikuwa na mteja wangu mtaa wa Kagugu, nitamwita Mama Keza. Alikulia Uganda, anafanya kazi ofisini, ana nyumba nzuri na mbwa jike mkubwa wa kahawia. Mbwa yule alizaa watoto wanne. Aliyewalea hasa si Mama Keza, ni mpishi wake, mwanamke wa miaka hamsini hivi, nitamwita Daforoza. Ametoka upande wa Rubavu, Kiswahili chake alikiokota Goma, ng'ambo ya mpaka. Mwanzoni hakutaka hata kumkaribia mbwa. Lakini mama mbwa alipokosa maziwa, Daforoza ndiye aliyewanywesha wale wadogo kwa kijiko, mmoja mmoja, kwenye khanga yake.

Siku ya kuwachanja nilitoka mtaa wa Muhima asubuhi, nimenunua chanjo, nimezipanga vizuri kwenye boksi na vipande vya barafu juu na chini. Chanjo ile haitaki joto. Ikipata joto inakufa, na ukiichoma unachoma maji tu. Hilo nililifundishwa siku ya pili ya kozi. Hata ng'ombe wanalijua!

Njiani simu ikaita. Ni Longino, niliyesoma naye Karagwe, ana duka la mikoba Remera. "Wewe Mnyarwanda, njoo upesi! Shangazi ameleta senene kutoka Bukoba!"

Remera si njia ya kwenda Kagugu. Nilijua. Nikageuza pikipiki.

Niliweka boksi barazani, kwenye saruji, jua likiwa bado upande wa pili. Tukala senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu, tukatafuna buni za kahawa, tukacheka. Tukawataja walimu wetu, tukaimba wimbo wa shule, tukabishana nani aliiba kengele. Niliposikia harufu ya zile senene nilikuwa na miaka kumi na sita tena. Mama Keza alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu nikamwambia niko njiani. Saa tatu nzima nilikaa pale!

Nilipotoka, jua lilikuwa limelikalia boksi. Nikafungua. Barafu yote imekuwa maji, tena maji ya vuguvugu, kama ya kuogeshea mtoto. Vichupa vinaelea.

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu. Kurudi Muhima kuchukua chanjo nyingine ni nusu saa tu. Lakini niliona uvivu, na niliona aibu kumwambia Mama Keza aningoje tena. Nikamwaga maji kwenye mtaro, nikafuta vichupa kwa shati, nikaenda Kagugu.

Daforoza alinishikia watoto wa mbwa. Nilipofungua boksi akachungulia.

"Dokta, leo boksi yako iko na joto?"

"Kwa nini?"

"Ile siku ya mama yao ulifungua, ikatoa baridi kama moshi. Leo hakuna moshi. Barafu iko wapi?"

"Wewe umesomea dawa?"

"Hapana, dokta. Nimeuliza tu."

"Basi pika."

Nilimwambia hivyo! Mwanamke anayelingana na dada yangu mkubwa. Akanishikia wote wanne. Nikawachoma maji. Nikajaza vitabu vyao vya chanjo, nikagonga muhuri. Mama Keza akanishukuru sana.

Wiki tatu baadaye akanipigia asubuhi analia.

Nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Aliyewahi kuisikia haisahau: damu iliyooza ikichanganyika na kitu kitamu, inashika kwenye koo. Kwenye stoo ya nyuma watoto wa mbwa walikuwa wamelala ndani ya uchafu wao, manyoya yamegandana, macho yameingia ndani. Wawili wameshakufa. Wa tatu alikuwa anatapika povu na kila akitapika anatikisa mkia, akijaribu kuja kwangu. Wa nne amesimama pembeni, anatetemeka. Daforoza alikuwa amepiga magoti anafuta sakafu, mikono imejaa damu mpaka kwenye viwiko.

Nilijua palepale. Ule ni ugonjwa ambao chanjo ile ingeuzuia.

"Dokta," Mama Keza akasema, "si uliwachanja? Mimi nina muhuri wako hapa. Sasa hii ni nini?"

Ningesema maneno manne tu. Chanjo ilipata joto, samahani. Badala yake nikavaa glavu taratibu, nikafungua kinywa cha yule mdogo, nikamminya tumbo, nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Nilikuwa natafuta mtu wa kumtwisha. Na mtu alikuwa pale chini, anafuta.

"Hawa wamelishwa kitu kibovu," nikasema. "Maziwa yaliyochacha, au mabaki. Tumbo la mtoto wa mbwa haliwezi."

Mama Keza akageuka. "Daforoza. Umewapa nini?"

"Mama, kile cha kila siku. Maziwa ya kuchemsha. Hata wewe umeona."

"Dokta anasema umewapa kitu kibovu."

Daforoza akainuka. Hakumtazama bosi wake, alinitazama mimi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau.

"Dokta, sema ile ya boksi."

"Boksi gani?" nikajibu.

Jamani! Boksi gani! Maneno mawili tu, na niliyatoa bila hata kumeza mate.

"Dokta, ile boksi ilikuwa na joto. Mimi nilikuuliza, ukaniambia nipike."

"Mama," nikamwambia Mama Keza, "mtu akikosea hutafuta pa kuegemea. Nimeshazoea."

Wa tatu akafa mikononi mwangu tukiwa tunabishana. Wa nne alipona. Daforoza alifukuzwa saa ile ile. Alikunja godoro lake, akalifunga kwa kamba, akalipandisha kichwani. Kabla ya kutoka alirudi kwenye stoo akamalizia kufuta sakafu. Nyumba aliyofukuzwa, akaifuta! Mimi nikanawa mikono kwa sabuni yao ya maua, nikaondoka.

Mwezi mmoja na nusu baadaye nilikutana naye Muhima, karibu na pale ninaponunua dawa. Amebeba beseni la nguo za watu. Aliniona kwanza.

"Dokta. Leo unaua wa nani?"

 Nikamuuliza kama amepata kazi. Akacheka kicheko kikavu.

"Kazi gani? Hapa mama wa nyumba hakuchukui bila kumpigia bosi wa zamani. Wanampigia Mama Keza. Anawaambia mimi ni wa kulisha sumu wanyama. Wewe ungeacha mtu kama huyo awapikie watoto wako? Nyumba nne zimenikataa. Miaka kumi na tisa nimepika, dokta, hakuna aliyewahi kuumwa tumbo."

Nilienda kwa Mama Keza siku ile ile. Nikamwambia yote: Remera, senene, maji ya vuguvugu, muhuri. Nilidhani atanipiga. Nilitamani anipige! Alinisikiliza, akatazama dirishani.

"Dokta, hayo yalishapita. Kanisani nilishawaambia watu wote. Sasa nirudi niseme nini? Kwamba nilimfukuza mtu bure? Na huyu mpya nimeshamzoea." Akavuta pumzi. "Kwa kuwa umefika, niangalizie paka. Tangu jana anapiga chafya."

Nilimchukia pale. Roho ilinichafuka nikamwona mwanamke mbaya kuliko wote duniani. Halafu sikia nilichofanya: nilimwangalia paka. Ndiyo! Nilichuchumaa, nikamsafisha pua, nikamwandikia dawa, nikasema asante. Nilipokuwa namshika yule paka niliona kwamba mimi na Mama Keza ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba yeye hakuwahi kuitwa dokta.

Nikafunga begi. Nilikuwa naenda Mwanza. Nilimtafuta Daforoza nimwambie kwamba nimejaribu, imeshindikana, na nimuage. Nilimkuta anaanika nguo. Hakuacha kuanika.

"Unaenda wapi?"

"Mwanza."

"Yewe! Wewe unaenda Mwanza na jina lako zuri, dokta. Mimi langu liko wapi?"

"Nimemwambia yule mama ukweli. Hataki. Nifanye nini?"

"Usihame." Akabana shuka na kibanio, akanigeukia. "Niachie namba yako. Wakiniuliza bosi wa zamani, nitatoa ya Mama Keza, nitatoa na yako. Watakupigia. Utawaambia."

"Niwaambie nini?"

"Boksi gani," akasema. "Hiyo uwaambie."

Sijahama. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuharibu mji na kubaki ndani yake. Wateja wamepungua, kwa kuwa Mama Keza hataki kusema ukweli wa Daforoza lakini wangu anausema. Sawa, unanistahili. Namba nisiyoijua ikiita, naweka chini kila kitu, napokea.

Wa kwanza aliyepiga alikuwa mwanamume. Nilipofika kwenye uvivu akakata. Wa pili akadhani mimi ni mume wa Daforoza nimetunga uongo.

Wa tatu alikuwa mama mmoja, sauti nzito, hana haraka. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza.

"Kwa hiyo ulijua dawa imeharibika."

"Ndiyo."

"Na huyo mama alikukumbusha, mbele ya bosi wake."

"Ndiyo."

"Ukamtazama usoni ukamkana."

"Ndiyo."

 Nikasikia, waziwazi kabisa, akitema mate. Halafu simu ikakatika.

Jumatatu iliyofuata Daforoza alianza kazi kwa mama huyo.

Hakunipigia kunishukuru, na ninyi msinishukuru. Nimeandika haya kwa ajili yako wewe unayebeba dawa za watu, au za wanyama, au funguo, au muhuri, na umeharibu kitu leo na bado hakuna aliyejua. Sema leo hii, kabla hujaona nani yuko chini anafuta. Ukishamwona, utamtumia. Usijidanganye kwamba wewe una roho nzuri, hata mimi nilidhani ninayo. Na wewe mwenye nyumba, siku mtu mwenye koti jeupe atakaponyoosha kidole kwa anayekupikia, usikimbilie kulitazama koti. Mwulize anayepika aliona nini, umwache amalize kusema.