Kumenya Njo Kukubali

Wajukuu wananicheka nikisema niliwahi kukubali bwana kwa kumenya ndizi. Wacheke. Nyumbani kwetu Masisi, wakati wa Wabeleji, njo ilikuwa desturi: shangazi anaingia jikoni, anakaa akikupa mgongo, anamtaja mwanaume. Ukiweka kisu chini, umekataa. Ukiendelea kumenya, umekubali.

Mimi niliendelea. Si kwamba nilimpenda yule mwindaji wa Walikale, aliyefiwa na mke na mwenye watoto wakubwa kunishinda. Niliogopa tu, na mikono ikaogopa kusimama. Shangazi akatoka nje akapiga vigelegele. Nilimchukia, nikajichukia na mimi.

Likabaki kanisa. Padri mzungu akamuuliza bwana, naye akajibu haraka. Kisha akanigeukia: "Na wewe, unakubali kwa mapenzi yako mwenyewe?"

Nikatazama chini. Nyuma yangu Papa, baba yangu mzazi, akashusha pumzi, maana kwetu hilo lilitosha. Padri akasema hajasikia. Katekista akamwinamia: "Padri, amekubali. Mubinti wa huku akinyamaza, iko anakubali."

"Hapa kunyamaza si jibu," padri akasema. Akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani, akangoja.

Papa akakohoa, mara moja, mara mbili. Nilikijua kikohozi hicho. Kilizoea kutangulia fimbo. Maisha yangu yote nilidhani kukubali ni jambo linalokupata, kama mvua inavyokukuta shambani. Sasa mzungu huyu mkaidi alikuwa analidai kutoka kinywani mwangu, nami nikalitafuta mle ndani nikalikosa.

"Sikubali," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini kanisa zima lilisikia.

Tulipanda mlima kurudi nyumbani, Papa mbele, mimi na Mama nyuma, shangazi akiburuta miguu mbali huko. Papa hakunipiga. Heri angenipiga, ningejua yameisha. Tulipofika kijitoni akasimama, akamgeukia Mama.

"Maji yamemwagika, hayazoleki," akasema. "Lakini huyu mutoto amejifunza kwa nani kukataa?"

Mama alikuwa na kikapu cha vyakula vya karamu kichwani. Hakukitua. Alimtazama Papa usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Si kwangu, Papa," akajibu. "Mimi hakuna aliyeniuliza mara ya pili."