Wanaume Wanane na Dawa ya Televisheni

Baba alinipigia simu nikiwa kaunta, katika duka la dawa mjini Embu ninakofanya kazi mpaka leo, akaniomba nimpelekee nyumbani Ishiara dawa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiiuza bila kuiamini. Niliitambua kabla hajamaliza kuieleza. Ilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa changu: mikebe myeusi yenye maandishi ya dhahabu, na juu ya kila mkebe picha ya mwanasoka mstaafu amekunja mikono kifuani.

"Ni yule," Baba akasema. "Yule wetu."

Alikuwa wa kwao kweli. Baba alipokuwa kijana nyumbani hakukuwa na redio, na kila mara timu ya taifa ilipocheza yeye na wenzake walikuwa wakishuka mpaka sokoni, wakasimama nje ya duka lililokuwa na redio, wakamsikiliza mtangazaji akilitaja jina la mtu huyo mpaka sauti imkauke. Hawakuwahi kumwona. Sasa Baba alikuwa na televisheni ya sola, na kila jioni, baina ya habari na hali ya anga, mwanasoka yule aliingia sebuleni kwake. Alibeba gunia la mahindi begani kama mto wa kulalia, mkewe akamtazama kutoka mlangoni akitabasamu, naye akageuka na kusema, "Umri ni wenu. Nguvu ni zangu."

Baba alikuwa na miaka sitini na minane. Aliniambia kuwa anachoka upesi, kuwa magoti yanamsumbua, kisha akashusha sauti na kuongeza, "na mambo mengine ya mwanaume." Nilijifanya mtandao unasumbua.

"Niletee mikebe minane," akasema. "Sisi wanaume wa kanisa tumeongea. Kila mmoja anataka wake."

Jumamosi nikateremka Ishiara na mikebe minane ndani ya mfuko. Joto lilinipokea kabla ya watu. Ndengu zilikuwa zimepaliliwa majuzi tu, na Mama alikuwa nje ya jikoni akipepeta wimbi. Nilimwambia Baba nilichokuwa nimekipanga njia nzima.

"Baba, hiyo ni biashara. Yule mtu amelipwa aseme vile. Hakuna anayejua kama inasaidia."

"Lakini wewe unaiuza."

"Naiuza."

"Sasa unauza dawa ama unauza uongo?"

Nilikuwa nimevaa koti jeupe miaka tisa na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Baba hakuwa amekasirika. Aliugeuza mkebe mkononi, akamtazama shujaa wake usoni kwa muda mrefu.

"Wewe hujui," akasema. "Na mimi sijui. Basi tutaipanda."

Nilimwelewa mara moja. Miaka mingi kabla, maafisa wa kilimo walikuja na mbegu mpya ya mtama wakitafuta mkulima wa kuijaribu. Baba akawapa kipande cha shamba. Walimfundisha kupanda mistari miwili, mmoja wa mbegu yao na mmoja wa mbegu yetu ya zamani, udongo uleule, mvua ileile, palizi siku moja. Walimpa kofia na chakula kizuri. Wakati wa mavuno Baba akawaambia mbele ya majirani, kofia yao ikiwa kichwani, kwamba mbegu ya zamani ndiyo iliyozaa zaidi. Nilikuwa darasa la tano na niliona aibu. Sikujua kwamba nilikuwa nikitazama kitu adimu.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, akawakusanya wenzake saba pembeni mwa kanisa na kuwaeleza. Wanne watakula dawa yenyewe. Wanne watakula kitu kingine kisicho na madhara, ndani ya maganda yaleyale ya vidonge. Hakuna atakayejua amepata kipi, hata yeye. Kila Jumapili kila mtu ataeleza anavyojisikia, naye ataandika. Ndengu zikivunwa, ukweli utatolewa, na aliyekosa dawa atarudishiwa dawa yake. Mimi niliongeza sharti moja tu: asiingie mtu anayetumia dawa za presha au za sukari.

Nilitegemea wangecheka na kuchukua mikebe yao. Seremala, mtu mwembamba mwenye maneno machache, ndiye aliyeongea kwanza.

"Na nani atajua ukweli?"

"Mke wangu," Baba akasema.

Wakatazamana, kisha wakakubali. Mpaka leo sijui kama walikubali kwa sababu walimwamini Baba au kwa sababu walimjua Mama.

Mama alifanya kazi ile kwa alasiri mbili, nami nikamletea kutoka dukani maganda matupu machache ya akiba, kama mengine yangepasuka. Aliketi kwenye kigoda akafungua vidonge mia mbili na arubaini vya mikebe minne, kimoja baada ya kingine. Poda ya ndani alikuwa akiigonga iingie kwenye chupa ya jemu. Ilikuwa na rangi ya udongo mkavu. Kisha, kwa ncha ya kijiti, alijaza unga wa wimbi uliokaangwa na kulifunga ganda kwa vidole vilevile ambavyo nilikuwa nimeviona vikishika jembe maisha yangu yote. Nilichukua kimoja cha kweli na kimoja chake nikavitazama kwenye mwanga. Mimi mwenye diploma ya famasia sikuweza kuvitofautisha.

"Umemwekea Baba kipi?" nikanong'ona.

"Rudi kazini kwako," akasema.

Baada ya wiki mbili habari zikaanza kunifikia Embu kwa simu. Seremala amebadilika! Mtu aliyekuwa akifunga karakana saa sita mchana alikuwa amejenga ghala jipya, na alikuwa akiimba. Mwingine alikuwa amepanda mlima wa nyuma ya kanisa bila kupumzika. Mama alikuwa akiwauliza wake zao kando, kisimani na sokoni, na mke wa seremala alimjibu kwa kujifunika uso na leso huku akicheka. Niliusikiliza mkebe ule ukisifiwa, kisha nikageuka kuutazama pale kwenye rafu. Nikaanza kujiuliza kama niliyekuwa mjinga ni mimi.

Wiki ya tano nikarudi nyumbani, nikaomba daftari la Baba. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake. Kwenye ukurasa wake mwenyewe Baba alikuwa ameandika Jumapili tano mfululizo maneno mawili: hakuna mabadiliko. Mtu huyu alikuwa akitamani kwa moyo wote shujaa wake awe msema kweli, akaketi kila wiki na kalamu na kuandika kinyume cha matamanio yake. Vitabu vyote vya chuo havikuwahi kunionyesha jambo kubwa namna hiyo.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa dereva. Huyu alikuwa rafiki wa Baba tangu shule, mstaafu aliyeendesha lori la kanisa. Wiki ya kwanza: anaamka kukojoa mara mbili. Wiki ya tatu: mara nne. Wiki ya tano: mara sita, na mkojo unatoka kwa shida. Mbele ya kila wiki Baba alikuwa ameandika maneno ya dereva mwenyewe: dawa inanisafisha.

Nikamfuata kwake. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya viatu.

"Mzee, tangu lini?"

"Usiogope, binti yetu. Ni uchafu unatoka. Hata yule mchezaji anasema, dawa ikianza kazi mwili unajisafisha."

"Sikuambii usiamini. Nakuomba tu tuende hospitali Jumatatu. Kwa ajili yangu."

Alikwenda, nadhani, kwa kunihurumia. Tezi dume yake ilikuwa imevimba na kuziba njia, na mkojo ulikuwa umeanza kurudi kwenye figo. Daktari alimwekea mpira wa kutolea mkojo siku hiyohiyo, na baadaye akafanyiwa upasuaji. Tulipokuwa tukitoka, daktari aliniambia kwamba mzee huyu angesubiri miezi michache zaidi, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Akauliza ni nani aliyegundua. Nikamwambia ni mkulima mwenye daftari.

Ndengu zikavunwa. Wanaume wote wanane walikuja nyumbani, dereva akiwa na fimbo, wake zao wakikaa upande wa jikoni kama watu waliokuja kwa jambo jingine. Mama alitoa kikaratasi ndani ya Biblia yake. Kwa wiki zote hizo hakuwa amemwambia mtu, hata mimi niliyemsumbua kwa simu, hata mwanaume aliyekuwa akila kidonge mbele yake kila asubuhi na kumuuliza kwa macho.

Akasoma. Dereva, wimbi. Kumbe kile kilichokuwa kikimsafisha hakikuwa hata dawa ile. Ilikuwa sauti ya mtu wa televisheni, na sauti hiyo ilitosha kumfanya auite ugonjwa wake uponyaji.

Aliyepanda mlima, wimbi. Baba, dawa yenyewe, yote sitini.

"Yote?" Baba akauliza.

"Yote."

Akatikisa kichwa taratibu. Aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini yake, na sikuona uchungu usoni mwake. Niliona kitu kama kile nilichokiona siku ya mtama, uso wa mtu aliyeuliza shamba swali na shamba likamjibu.

Seremala akawa wa mwisho. Mama alimtazama kwanza, kisha kikaratasi.

"Wimbi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Ghala lilikuwa pale chini ya kilima, limeezekwa, kila mtu aliliona akija. Seremala aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Mkewe kule jikoni alijifunika uso na leso, safari hii bila kucheka.

"Nguvu zile zilikuwa za kweli," hatimaye akasema. "Sikudanganya."

"Najua," Baba akamwambia. "Nimeliona ghala."

"Sasa zilitoka wapi?"

Baba akanigeukia mimi, mtaalamu. Nikawaambia ninachojua, kwamba mtu akitarajia nafuu mwili wake wakati mwingine humsikiliza, na kwamba hata wasomi hawajafika mwisho wa jambo hilo. Nilipokuwa nikisema nilijisikia mdogo, kama mtu anayeeleza mvua kwa kuonyesha kikombe cha maji.

Mama akawaletea chupa ya jemu iliyojaa poda, kama walivyoahidiwa, ili waliokosa wagawane. Ilipita mkono kwa mkono. Kila mmoja aliinusa na kuipitisha kwa mwenzake, mpaka ikarudi kwa Mama ikiwa imejaa vilevile.

Tulipokuwa tukiwasindikiza, seremala alibaki nyuma. Alisubiri wenzake wafike barabarani, kisha akamsogelea Mama akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama, najua sasa ni wimbi," akasema. "Lakini unaweza kunijazia vingine?"

"Nitakupa unga. Mkeo akupikie uji, ni kitu kilekile."

Seremala akalifikiria jambo hilo kwa uzito wote.

"Uji nimekunywa tangu nizaliwe," akasema. "Hauna nguvu kama za vile vidonge."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaingia ndani kutafuta maganda.