Wageni wa Pamba Nyumbani kwa Mama

Mama ndiye aliyenijulisha kwamba wenye viwanda vya pamba wamenifikia, ingawa hakusema hivyo. Alinipigia simu kutoka Butiama, mimi nikiwa ofisini Musoma, akasema mgeni wangu amepita nyumbani, amemwachia samaki, sato wabichi, na kwamba ni kijana mwenye adabu sana.

"Mgeni wangu yupi?"

"Yule wa pamba. Anaongea Kizanaki kizuri kuliko watoto wako."

Wakati huo nilikuwa nimeingizwa kwenye timu ndogo ya washauri. Serikali ilitaka tuiambie jambo moja: je, kila eneo lipewe mnunuzi mmoja wa pamba, yaani kile kiwanda kilichowakopesha wakulima mbegu na dawa, au kila mwenye mizani aruhusiwe kuja kununua? Wenye viwanda walitaka mnunuzi mmoja. Wanunuzi wa kutoka nje ya mkoa, ambao hawakuwa na kiwanda hapa, walitaka soko huria. Wakulima walisemewa na pande zote mbili.

Kabla ya kazi ile nilidhani kumshawishi mshauri wa serikali ni jambo la bahasha. Hakuna aliyewahi kunipa bahasha. Tuliitwa kwenye kikao cha wadau katika hoteli moja ya Musoma, tukaonyeshwa picha ukutani, na watu wakasimama mmoja mmoja kusoma maoni yao. Lakini kazi yenyewe ilifanyika kwenye foleni ya chai. Mtu anasogea na sahani yake, anakuuliza kwenu wapi, anakumbuka mwalimu mliyewahi kufundishwa naye wote, kisha anatoa sentensi aliyokuja nayo. Baadaye nikagundua kwamba sentensi ileile naisikia kutoka kwa watu waliojifanya hawajuani.

Yule wa sato alikuwa mwakilishi wa wenye viwanda. Kwenye foleni ya chai hakunisogelea kabisa. Yeye alikwenda Butiama.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda kwa mama. Nilimkuta kijana huyo amekaa kwenye mkeka, mikono ya shati imekunjwa, anapukuchua mahindi pamoja naye. Mfereji wa maji ya mvua, uliokuwa umening'inia tangu baba afariki, ulikuwa umeshafungwa vizuri kwenye bati. Mama alikuwa anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomkuta anacheka mchana.

Nilimwomba yule bwana tutoke kidogo. Tulisimama karibu na gari lake.

"Kaka, naomba usije tena hapa mpaka kazi yetu iishe."

"Dada, hapa sijaongea pamba hata siku moja. Muulize mama."

"Najua hujaongea."

Alitabasamu, akatazama viatu vyake. "Mama yangu alishafariki," akasema. "Nikija hapa napumzika."

Nadhani alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonisumbua. Angekuwa anadanganya ningejua la kumjibu.

Alipoondoka mama alinikasirikia. "Unamfukuza mgeni kwangu? Huyu anakujaga kunisalimia. Wewe unakujaga Krismasi."

Nikamweleza: huyu anatetea upande mmoja, na upande wa pili hauna gari la kufika Butiama kila wiki. Alisikiliza, akaendelea kupukuchua. Kisha akasema kama mtu anayepanga mapishi, "Basi na hao wa pili waje." Nilidhani ni mzaha.

Jumatatu nilimweleza kiongozi wa timu yetu, mzee mstaafu aliyewahi kufanya kazi wizarani. Nilitaka iandikwe kwamba nyumbani kwetu kunatembelewa. Aliandika, akanitazama juu ya miwani. "Kwangu wanakuja kanisani," akasema. "Nimepata marafiki wengi wa kwaya mwaka huu." Akafungua ajenda iliyofuata.

Mama hakuwa na mzaha. Ana mpwa wake aliyeoa Bunda, na kwa njia hiyo salamu zilifika kwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa huko, mtu wa makamo mwenye shamba la pamba na ng'ombe wachache. Jumamosi moja akafika na mkewe, na jogoo amefungwa miguu. Mama alikuwa amempigia simu na yule wa viwanda. Na mimi aliniita kwa kuniambia mgongo unamuuma.

Nilipoingia uani nikawakuta wote, na mgongo wa mama ukiwa mzima kabisa. Nilitaka kugeuka nirudi stendi. Mama akanipa kisu na vitunguu.

Mwanzoni waliongea habari za mvua. Aliyeanza habari za pamba ni mke wa mwenyekiti. Alimgeukia yule kijana wa viwanda na kumuuliza, bila ukali, "Mwaka ule mlitupangia mnunuzi mmoja, mbona alichelewa vile? Pamba ilijaa ndani. Tulikuwa tunalalaga juu yake na watoto wanakohoa."

"Mama, ni kweli alichelewa," kijana akasema. "Lakini mkiuza kwa kila anayepita, aliyewakopesha dawa atakula hasara. Mwaka unaofuata haleti dawa. Mtapulizia nini?"

"Hilo nalo ni kweli," mwenyekiti akasema.

Kwenye kikao cha wadau, sentensi hizo mbili zilikuwa zimechukua siku nzima, na hakuna aliyekubali ya mwenzake.

Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Mtaalamu, nikuambie kitu. Ile siku tulikuja Musoma kwenye kikao, tulikodiwa basi. Alilipa mmoja wa wale wanunuzi wa nje ya mkoa. Na karatasi niliyosoma alinipa yeye."

"Uliamini ulichosoma?"

"Nusu. Ile ya kuchelewa kwa mnunuzi niliiamini sana. Ile ya kwamba hatutaki kabisa mkataba na anayetukopesha, hiyo yake."

Yule wa viwanda akacheka kwa sauti, na mwenyekiti naye akacheka. Ndipo kijana akasema jambo ambalo nina hakika bosi wake asingependa alisikie mshauri wa serikali. "Kwani mnadhani wenye viwanda wanawaogopa ninyi? Wanaogopana wao kwa wao. Kila mmoja anataka kuchorewa mpaka ili mwenzake asivuke."

Tulikula jogoo kwa ugali wa muhogo. Baada ya chakula hakuna aliyetaja pamba tena. Mke wa mwenyekiti na mama waligundua kwamba walibatizwa na padri mmoja, na mchana uliobaki ukawa wao.

Niliandika sehemu yangu ya ushauri wiki hiyo, na timu ikaikubali baada ya mabishano. Tulishauri kila eneo liwe na mnunuzi wake, yule aliyekopesha mbegu na dawa. Lakini mnunuzi huyo akichelewa kufungua mizani baada ya msimu kuanza, mkulima anaruhusiwa kuuza kwa mwingine, na deni la dawa likatwe hukohuko kwenye malipo, lirudishwe kwa aliyekopesha.

Kabla karatasi haijatoka Musoma, kijana wa viwanda alinipigia simu. Sijui aliipata wapi. Hakulalamika. Aliomba neno moja tu. Pale niliposema mkulima "anaruhusiwa", niseme "anaweza kuruhusiwa".

"Kuruhusiwa na nani?"

"Na mamlaka husika, dada. Ni lugha ya kawaida tu."

"Hapana."

"Sawa. Nimesalimia." Akakata simu kwa upole uleule.

Mwongozo ulirudi mkoani msimu wa kununua ulipokaribia, umepigwa mhuri, kurasa nzuri. Sehemu kubwa ilikuwa kama tulivyoandika. Kwenye ile sentensi palisomeka kwamba mkulima anaweza kuruhusiwa na mamlaka husika. Kiongozi wetu aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akasema kazi yetu ni kushauri. Sikuwahi kujua neno lile lilibadilishwa kwenye meza ya nani, na kwenye foleni ya chai ya wapi.

Mwenyekiti wa Bunda alinipigia. "Mtaalamu, hilo neno uliliweka wewe?"

"Hapana."

"Nilijua. Nilitaka nikusikie tu."

Mwaka huo mnunuzi wa eneo lao alichelewa kidogo, si kama ule mwaka wa kulala juu ya pamba. Waliandika kuomba ruhusa, na kabla jibu halijaja mizani ikafunguliwa. Jirani zao wengine hawakusubiri. Waliuza njia za panya kwa bei ya chini. Nilifika Bunda kutazama uuzaji, nikamkuta mwenyekiti juu ya roba, gunia kubwa la pamba, anapiga kelele kuhusu mizani. Alinipungia mkono, akaendelea na kelele zake.

Yule kijana hakuja tena Butiama baada ya mwongozo kutoka. Mama alimuulizia mara mbili tatu, kisha akaacha. Mke wa mwenyekiti ndiye aliyebaki. Hupita akienda kliniki, na hulala siku mbili.

Nilikutana na yule kijana mwaka jana dukani, Musoma, ananunua betri. Alikuwa amehamia kwa wenye viwanda vya samaki. Aliniamkia kabla sijamwona, akaniuliza mgongo wa mama unaendeleaje. Nikamwambia mgongo haukuwahi kuuma. Alicheka sana. Halafu akazigeuzageuza zile betri mkononi.

"Nitapita kumsalimia," akasema.

"Pita. Hamna pamba sasa hivi."

Sijui kama alikwenda. Mama hajasema, nami sijamuuliza.