Vumbi la Nyota Kwenye Kopo la Mama

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa mmenibana nisimulie, sikilizeni, na atakayecheka kabla sijamaliza nitanyamaza.

Nilikuwa chuoni Embu, nimepanga chumba katika mtaa wa mjini uitwao Dallas, nikisomea vumbi la nyota. Ndiyo, vumbi. Nyota changa huzungukwa na vumbi la mawe, vumbi hilo likipata joto hutoa mwanga usioonekana kwa macho, na kuna mitambo ya kuuchambua mwanga huo ikakupa mchoro wenye vilima, kila aina ya jiwe na vilima vyake. Kazi yangu ilikuwa kusaga mawe ya hapa duniani, kuyapima maabarani, kisha kulinganisha vilima vyangu na vya nyota moja iliyopimwa kwa darubini kubwa. Nikipita, naenda kumalizia masomo ng'ambo. Nikianguka, narudi kwetu Kibirichia kuchimba viazi.

Likizo nikabeba mawe nyumbani, nikasaga wiki nzima mpaka vidole vikavimba, halafu nikatafuta chombo cha kufunika vizuri nikakuta kopo jikoni, tupu. Hapo ndipo nilipojimaliza. Sikuliosha. Mwanasayansi mzima nilijua maji ni adui wa vipimo vyetu (unyevu kidogo tu, mchoro umeharibika), kwa hiyo nikalipangusa kwa leso, nikamimina unga wangu, nikajiona mwerevu kuliko kijiji kizima.

Maabarani vilima vikalingana na vya nyota mpaka nikaogopa. Isipokuwa kimoja, pembeni kabisa, mahali ambapo jiwe halina kilima. Nilikitazama siku tatu. Siku ya nne nikaukata ule upande wa mchoro, nikajiambia, nani atauliza?

Baba naye alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba naenda ng'ambo. Siku ya kuitetea kazi yangu mbele ya wahadhiri, nawaona akina nani safu ya nyuma? Mama na wenzake sita wa chama cha akina mama, vitambaa vyao vyeupe vya kichwani vimetiwa wanga vikasimama wima.

Nikaeleza vizuri, nisijidharau. Halafu mhadhiri wa kemia, mama mmoja mpole, akavua miwani.

"Kendi, mbona mchoro yako imeanzia katikati? Hiyo side ingine iko wapi?"

"Haina maana sana, Daktari."

"Tuonyeshe tu."

Nikaonyesha. Akakitazama kile kilima, akaomba kopo (nilikuwa nimelibeba kwa madaha, liko pale mezani), akachota unga kidogo, akamtuma fundi wa maabara alete ayodini. Ayodini, jamani, lile jaribio la watoto wa shule! Tone moja tu, unga ukageuka bluu ya kukaribia nyeusi mbele ya watu wote.

"Hii ni wanga," akasema. "Kwani nyota yako inakula viazi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikawa ndiyo nafungua mdomo kusingizia maabara, sauti ikatoka nyuma.

"Kendi, hiyo si kopo yangu? Ile ya kuweka wanga ya vitambaa? Si ungeniambia nikuoshee!"

(Viazi vya kwetu vikikunwa na kusuuzwa huacha unga mweupe chini ya beseni, nao ndio husimamisha vile vitambaa. Nimeuona tangu utotoni.)

Niliambiwa nirudie kazi yote, na nafasi ya ng'ambo akapewa mwingine. Yule mhadhiri alinifuata nje akaniambia taratibu, "Uchafu unaweza kuingilia mtu yeyote. Lakini hiyo kilima uliiona."

Tukarudi nyumbani na Mama kwa matatu, naye njia nzima ananiomba msamaha, eti kopo lake limeniharibia maisha, na mimi, bila haya, nikamwacha aombe. Tulipofika mji wa Nkubu nikashindwa kuvumilia.

"Mama, si kopo. Niliona kuna shida, nikaficha."

Alifungua kitambaa chake, akakikunja polepole, akakiweka mapajani, akatazama nje mpaka tukafika.

Siku hizi naosha makopo hata yanayong'aa. Na mchoro sikati tena, hata uniaibishe vipi, maana ule unyamavu wa kutoka Nkubu mpaka nyumbani siwezi kuuvumilia mara ya pili.