Breki za Impreza ya Abdulwahab

Eliya alifika Kongowe ya Kibaha kutoka Kilosa na sanduku moja la spana, na kwa miaka kumi na minane akajijengea jina la kupima magari. Wenye magari ya mbio walipobishana ni lipi halili mafuta, ubishi uliishia gerejini kwake. Alikuwa na njia yake: alikausha tangi, akaweka lita tano, kisha gari likaendeshwa kuelekea Chalinze mpaka lizime lenyewe.

Jumamosi moja alipima mawili: Altezza ya mwalimu Hussen na Impreza yenye turbo ya Abdulwahab, mtumishi wa halmashauri. Altezza ilikwenda kilomita hamsini na nne. Impreza haikufika hata arobaini. Ilizima karibu na Vigwaza, ikavutwa kwa kamba. Abdulwahab alikuwa mpole, hajazoea kuchekwa. Siku hiyo wenye magari wenzake walimcheka njia nzima, wakisema gari lake ni mlevi.

Jumatatu alirudi peke yake. Alimwomba Eliya aongeze presha ya turbo. Kama gari linakula mafuta, alisema, basi nguvu yake ionekane, watu wanyamaze.

Eliya alifungua magurudumu ya mbele kwanza. Diski za breki zilikuwa zimeliwa, nyembamba kama sahani.

"Breki kwanza," alimwambia. "Hizi hazimudu hata nguvu iliyopo."

Abdulwahab alijibu kwamba diski mpya ameagiza Dar, zitafika mwisho wa mwezi. Eliya akasita. Lakini naye alikuwa na hamu ya kujua gari lile lingefika wapi. Akaongeza presha. Walipotoka kulijaribu, gari liliwabana migongo kwenye viti, na Eliya akacheka kama mtu ambaye hajacheka kwa miaka.

Ijumaa hiyo Abdulwahab alikwenda Masaki, Kisarawe, kumwona mama yake. Kwenye mteremko alikuta lori la mkaa linageuza, limeziba njia nzima. Wanawake waliokuwa wakipalilia mihogo walisikia breki zikilia kwa muda mrefu, kisha kishindo. Alifia palepale.

Eda ilipokwisha, Naila, mjane wake, alikuja gerejini. Eliya alimletea kiti, lakini Naila hakukaa.

"Nasikia ulimwambia breki zimekwisha," alisema.

"Nilimwambia."

"Halafu ukampa gari."

"Nilimpa, shemeji. Na ile nguvu niliiongeza mimi, kwa mikono hii."

Naila hakulia wala hakumlaani. Eliya akamwambia amepanga kwenda Masaki kumwomba mama wa marehemu radhi.

"Usiende," Naila alisema. "Mama anaamini ni amri ya Mungu, na kwa hilo ndiyo anapata usingizi. Ukimwambia, wewe utapumzika, yeye hatalala tena. Kaa nalo."

Akaondoka bila kuaga.

Vijana bado huleta magari, wakiuliza lipi lina nguvu na lipi halili mafuta. Eliya huwajibu kwamba hapimi tena, nao huvuka barabara kwenda kwa fundi mwingine asiyeuliza kitu. Mara mbili amefunga gereji mchana akapanda bodaboda mpaka Kisarawe mjini. Mara zote mbili amesimama kwenye stendi ya magari yaendayo Masaki, akamwomba dereva amrudishe Kongowe.