Maboya ya Ngarenaro

Mpaka anafikisha miaka hamsini na mbili, Anande Sumari alikuwa hajawahi kuiona bahari. Alizaliwa Nkoaranga, kwenye migomba na kahawa. Kuchomelea alijifunza akiwa msichana, baada ya mashine ya baba yake ya kumenyea kahawa kuvunjika mguu na fundi wa mjini kukataa kupanda mlima. Sasa ana karakana Ngarenaro, mjini Arusha, na kazi yake kubwa ni magari ya watalii. Yanarudi kutoka mbugani yamepasuka fremu, anayaunga, yanaondoka.

Siku moja aliingia Reginald, mhandisi kijana anayeishi Moshono, amebana michoro kwapani. Alitoa shikamoo, akaeleza shida yake. Alitaka maboya mawili ya chuma, kila moja kubwa kuliko pipa, yenye mikono mirefu ya kufungwa kwenye gati dogo huko pwani ya Tanga. Wimbi likipita linanyanyua boya, mkono unasukuma pampu ya mafuta, mafuta yanayosukumwa yanazungusha jenereta, umeme unapatikana. Karakana mbili zilikwisha kumcheka, zikamwuliza Arusha kuna bahari gani.

Anande aliitazama michoro muda mrefu, akaona kitu anachokifahamu.

"Hii ni jeki," alisema, "ila wewe unataka mzigo ndio upige pampu."

Reginald alifikiri kidogo, akakubali kwamba ndivyo hasa.

Kazi ilichukua wiki tano. Waliyapeleka maboya Ziwa Duluti kuona kama yanavuja. Hayakuvuja, lakini ziwa lilikuwa limetulia kabisa, yakakaa tuli kama bata walioshiba. Ikabidi mawimbi yatengenezwe karakanani. Lemburis, fundi aliyefanya kazi na Anande miaka mingi, alilifunga boya kwenye winchi ya kunyanyulia injini, akawa analipandisha na kulishusha siku tatu mfululizo, hadi jirani anayeuza rangi akaja kuomba apumzike. Mkono wa boya haukupasuka.

Wakapakia lori, Anande na Reginald wakaenda Tanga, Lemburis akabaki karakanani.

Ukubwa wa bahari haukumshangaza sana Anande. Kilichomshangaza ni kwamba haipumziki. Alisimama kwenye gati akingoja ipoe kidogo, kama injini inavyoachwa ilale, akaona haina habari hiyo.

Siku ya kwanza taa ziliwaka, Reginald akashindwa hata kula kwa furaha. Siku ya pili mchana Anande alisikia mlio wa chuma kugonga chuma, ule ambao fundi yeyote wa magari anaujua. Pini inayoshikilia mkono mmoja kwenye gati ilikuwa imepinda, na boya limekwama. Wakaguzi wa mradi walikuwa wanakuja baada ya siku tatu. Reginald alikaa chini akasema pini hiyo ichorwe upya, na hiyo ni kazi ya miezi.

Kesho yake Anande aliomba kiti, akakaa kuyatazama mawimbi mpaka saa sita. Kisha akamwita Reginald.

"Wimbi haliji moja kwa moja, mwanangu. Linakata kwa upande, halafu linavuta likirudi. Pini yako inajua juu na chini tu."

Akamweleza kwamba springi za Landkruza zinapindishwa kila upande kwenye barabara mbovu za mbugani, lakini hazikatiki, kwa sababu ncha zake zimekaa kwenye bushi, mpira wenye bomba la chuma katikati, unaokubali kutikiswa. Akampigia simu Lemburis. Bushi nane zikaja na basi la siku iliyofuata, jioni zikawa mkononi. Alfajiri Anande alianza kuchomelea vishikio vya bushi kwenye maungio ya mikono, maji yakimrukia hadi kwenye miwani, na kabla ya adhuhuri mikono yote miwili ilikuwa inapanda na kushuka bila kelele.

Hapo akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Alichomoa taa, akachomeka grinda yake ya kukatia chuma. Ilisita, ikazunguka. Wimbi likiwa dogo ililegea kidogo, likija kubwa ilikaza. Akaichukua ile pini iliyopinda, akaikata vipande viwili, cheche zikaangukia baharini.

Reginald alisahau kuandika vipimo.

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Nimekata chuma," alijibu. Lakini alipompigia Lemburis kumsimulia, aliisimulia ile grinda mara mbili, na Lemburis akasikiliza mara zote mbili.

Wakaguzi walikuja, wakatazama, wakaagiza maboya manne zaidi. Yanatengenezwa sasa hivi, yamejaa mpaka nje ya karakana, na watu wakipita huuliza kama ni matangi ya maji. Safari hii Anande atatakiwa kuingia majini mwenyewe kuyafunga. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi huenda kwenye bwawa la hoteli moja Sekei kujifunza kuogelea, pamoja na watoto wa darasa la pili. Mpaka juzi alikuwa ameweza kuvuka bwawa kwa upande wake mfupi.